Ugomvi ulikuwa Serbia, jeshi likaenda Ubelgiji

Swali: Nafundisha Historia sekondari. Kila mwaka nikifika Vita vya Kwanza vya Dunia kuna mwanafunzi hunibana. Mrithi wa kiti cha Austria ameuawa Sarajevo, Austria inagombana na Serbia, Urusi inaitetea Serbia. Sasa Ujerumani, rafiki wa Austria, kwa nini ikapeleka karibu jeshi lake lote upande wa pili kabisa, Ubelgiji na Ufaransa? Huwa nawajibu kwamba ni Mpango wa Schlieffen, lakini naona nimewapa jina tu, sijawapa sababu. Naomba ufafanuzi, na uniambie kama kweli hawakuwa na njia nyingine.

Jibu: Mwalimu, huyo mwanafunzi mpe maksi zake zote. Amegusa mahali ambapo vitabu vingi vya shule hupita mbio. Kwa ufupi, Agosti 1914 Ujerumani haikuwa na mpango ulio tayari wa kupigana na Urusi peke yake. Uliwahi kuwepo, ukaachwa mwaka 1913. Mezani ulibaki mpango mmoja, nao ulianzia Ubelgiji hata kama ugomvi ungeanzia mwezini. Kazi ni kueleza jinsi jeshi lililosifika duniani kote kwa kupanga lilivyojifikisha hapo.

Dola ya Ujerumani iliundwa 1871 baada ya kuipiga Ufaransa, na katika mapatano ya amani ikajitwalia Alsace na sehemu ya Lorraine. Tangu hapo hakuna aliyekuwa na shaka Berlin kwamba Ufaransa itataka kulipiza. Kilichobaki kujulikana ni nani angeungana nayo. Chansela Bismarck alitumia miaka karibu 20 kuhakikisha kwamba Urusi haiingii kwenye urafiki huo. Mwaka 1888 alitembelewa na Eugen Wolf, msafiri aliyekuwa mshabiki wa makoloni, aliyekuja na habari za Afrika na ramani yake. Bismarck akamwambia kwamba ramani yake yeye ya Afrika iko Ulaya: hapa Urusi, hapa Ufaransa, nasi tuko katikati. Wakati huo Wajerumani walikuwa tayari wanajipenyeza katika pwani yetu, lakini mzee hakuwa tayari kuyaponza mambo ya Ulaya kwa ajili ya Bagamoyo.

Mwaka 1887 aliweka na Urusi mkataba wa siri wa kuhakikishiana. Machi 1890 Kaiza Wilhelm wa Pili akamwondoa madarakani, na mkataba ule ukaachwa uishe bila kuhuishwa. Warusi hawakukaa kusubiri. Mwaka 1892 wakuu wa majeshi ya Urusi na Ufaransa waliafikiana, na ilipofika mwanzo wa 1894 makubaliano yao yakawa rasmi. Kuanzia hapo wanadhimu wa Ujerumani, yaani maafisa wa kupanga vita, walikuwa na hesabu moja tu ya kukokotoa: maadui wawili, mmoja kila upande, na jeshi moja.

Hesabu hiyo ina faida yake, watu huisahau. Aliye katikati ana njia fupi. Anaweza kumzuia mmoja kwa kikosi kidogo, akaenda na jeshi kubwa kumpiga wa pili, kisha akageuka. Wanaomzunguka hawawezi kusaidiana. Askari wa Ufaransa asingeweza kuvuka Ujerumani kwenda kumwokoa Mrusi. Ila faida hii ina masharti magumu. Pigo la kwanza lazima limalize kazi, na limalize upesi, kabla yule wa pili hajafika mlangoni. Likimjeruhi tu adui bila kumwangusha, aliye katikati anakuwa ametumia muda ambao hakuwa nao.

Wa kwanza kuifanyia kazi hesabu hiyo hakuwa Schlieffen. Alikuwa Helmuth von Moltke, yule mkubwa, aliyeongoza ushindi wa 1870 na kubaki Mnadhimu Mkuu hadi 1888. Mtu ambaye angetarajiwa kulewa ushindi wake ndiye aliyeufikiria kwa utulivu zaidi. Aliona namna Wafaransa walivyokataa kusalimu amri hata baada ya mfalme wao Napoleon wa Tatu kutekwa Sedan, wakaendelea kupigana miezi kadhaa kwa jeshi la raia. Akahitimisha kwamba mataifa makubwa hayaangushwi tena kwa pigano moja. Kwa hiyo mipango yake ya miaka ya 1880 ilikuwa ya kiasi: magharibi tujilinde, maana mpaka ni mfupi na una ngome na mto Rhine nyuma yake, mashariki tushambulie pamoja na Waaustria, tuwatoe Warusi Polandi, kisha tusimame. Hakutaka kwenda Moscow. Ya Napoleon mwaka 1812 aliyajua. Baada ya hapo, alisema, wanadiplomasia wachukue kazi.

Mei 1890, akiwa na miaka karibu 90, alisimama bungeni akawaonya kwamba vita vijavyo Ulaya vinaweza kwenda miaka saba, hata thelathini, na ole wake atakayewasha moto huo. Mwalimu, hotuba hiyo inastahili kusomwa darasani kabla ya jina la Schlieffen halijatajwa.

Alfred von Schlieffen alishika unadhimu mkuu 1891, akaukalia hadi mwisho wa 1905. Yeye aliitazama ramani ileile akaona kinyume. Ukianza na Urusi, alisema, Mrusi atarudi nyuma. Ana ardhi isiyokwisha, na kila kilomita unayomfuata inakuondolea nguvu. Reli zake zina upana tofauti, milimita 1,524 dhidi ya 1,435 za Ujerumani, hivyo treni zako zinaishia mpakani mpaka uzibadilishe njia. Utamsukuma miezi sita na bado yupo, huku Mfaransa, ambaye jeshi lake hukusanyika upesi kama lako, yuko mgongoni. Ufaransa ni ndogo, mji wake mkuu hauko mbali na mpaka, na jeshi lake halina pa kukimbilia. Basi aanze Mfaransa. Urusi, kwa ukubwa wa nchi yake na uchache wa reli zake, ingechukua wiki nyingi kukusanya askari wake wa akiba, na katika wiki hizo, takriban sita, Ufaransa iwe imekwisha.

Tatizo lilikuwa kwamba baada ya 1871 Wafaransa walijenga ngome mpakani kutoka Verdun, Toul, Épinal hadi Belfort. Kuzivunja moja moja kungekula zile wiki sita zote. Njia ya kuzikwepa ilikuwa moja: kupita kaskazini, Ubelgiji. Nchi hiyo ilikuwa imeahidiwa kwa mkataba wa 1839 kwamba haitaguswa, na Prussia, iliyokuja kuwa kiini cha Ujerumani, ilikuwa miongoni mwa walioahidi, pamoja na Uingereza. Schlieffen hakuliona hilo kuwa kikwazo cha kijeshi, na wizara ya mambo ya nje haikumzuia. Hapa ndipo mimi huona kosa kubwa kuliko yote. Swali la kuivamia nchi isiyo na ugomvi na mtu, yaani swali la siasa tupu, lilijibiwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa ratiba za reli na vikosi.

Waraka wake maarufu una tarehe ya Desemba 1905, ingawa aliendelea kuuandika mwanzoni mwa 1906 akiwa anastaafu. Ndani yake ubavu wa kulia, ule wa kupita Ubelgiji, unapewa nguvu mara saba ya ubavu wa kushoto. Wanahistoria wamebishana sana tangu mwisho wa miaka ya 1990 kama waraka ule ulikuwa mpango halisi wa vita au hoja ya kuiomba serikali iongeze jeshi. Nakubaliana na wanaosema tusiuchukulie kama amri iliyotekelezwa neno kwa neno 1914, kwa sababu mbili zilizo wazi ukiusoma. Unahesabu divisheni ambazo Ujerumani haikuwa nazo. Halafu uliandikwa wakati Urusi imetoka kupigwa na Japani na ndani inaungua kwa mapinduzi ya 1905, kwa hiyo unaizungumzia Ufaransa karibu peke yake. Waraka uliokuja kuwa jina la mipango ya vita vya pande mbili uliandikwa kwa ajili ya upande mmoja. Wazo lake kuu, kuzunguka kupitia Ubelgiji, ndilo lililobaki, na mrithi wake akaliingiza katika dunia iliyokuwa imebadilika.

Mrithi huyo ni Helmuth von Moltke mdogo, mpwa wa yule mzee. Amelaumiwa sana kwa kuuharibu mpango wa Schlieffen, hasa kwa kuongeza askari ubavu wa kushoto, na lawama hiyo ilipikwa kwa bidii baada ya vita na maafisa waliotaka kuonyesha kwamba jeshi lilikuwa na ufunguo wa ushindi ila mtu mmoja aliupoteza. Siinunui. Lakini kuna mambo matatu aliyoyafanya ambayo wanafunzi wako wanapaswa kuyajua.

Schlieffen alikusudia kupita pia kusini mwa Uholanzi. Moltke alikataa. Alitaka Uholanzi ibaki nje ya vita ili Ujerumani, ikizingirwa baharini na Waingereza, ipate pa kupumulia kibiashara. Tazama kinachofichika hapo: Mnadhimu Mkuu mwenyewe, aliyeandaa vita vya wiki sita, alikuwa anajiwekea akiba ya vita virefu. Moyoni hakuuamini mpango wake.

Kuikwepa Uholanzi kulimaanisha majeshi mawili makubwa, mamia ya maelfu ya watu na farasi wao, yapite katika mlango mwembamba kati ya mpaka wa Uholanzi na milima ya Ardennes. Mlango huo ulilindwa na mji wa Liège na ngome zake 12. Kama Liège haitatekwa siku za mwanzo kabisa, kabla Wabelgiji hawajajipanga na kabla reli na madaraja hayajabomolewa, mpango wote unakwama. Kwa hiyo brigedi sita ziliandaliwa kuivamia Liège papo kwa papo, hata kabla askari wa akiba hawajaripoti kambini. Siri hiyo ilifichwa hata ndani ya serikali. Chansela Bethmann Hollweg hakuijua mpaka vita vikiwa mlangoni.

Fikiria uzito wake. Urusi, Austria na Ufaransa zilipoita askari wa akiba na kukusanya jeshi, bado zingeweza kukaa mpakani na kuendelea kuzungumza. Ujerumani haikuweza. Ikishatangaza kukusanya jeshi, ndani ya siku chache lazima iwe imeingia nchi ya watu. Julai 1914 Ulaya nzima ilikuwa inahesabu siku za mazungumzo bila kujua kwamba Berlin saa yao ni tofauti.

La tatu ndilo linalomjibu mwanafunzi wako moja kwa moja. Hadi 1913 wanadhimu waliandaa kila mwaka mipango miwili: mmoja wa jeshi kubwa kwenda magharibi, mwingine wa jeshi kubwa kwenda mashariki. Kuandaa mpango wa namna hii ni kazi ya kutisha. Kila kikosi kinapangiwa treni yake, saa yake, kituo chake cha kunyweshea farasi. Kwa kuwa alishaamini kwamba Ufaransa haitaiacha Urusi peke yake, Moltke aliuona mpango wa mashariki ni kupoteza nguvu za maafisa wake. Ukaachwa.

Matunda yake yalionekana jioni ya Agosti 1, 1914. Kaiza ameshatia saini amri ya kukusanya jeshi. Muda si mrefu ikaletwa simu ya maandishi kutoka kwa balozi wao London, Lichnowsky, ikionyesha kwamba Uingereza huenda ikaizuia Ufaransa isiingie vitani kama Ujerumani haitaishambulia. Kaiza akafurahi kama mtoto. Basi, akasema, tupeleke jeshi lote mashariki! Moltke akamjibu kwamba haiwezekani. Jeshi la mamilioni haligeuzwi kwa usiku mmoja. Atakachopeleka mashariki si jeshi bali ni kundi la watu wenye bunduki wasio na chakula. Kaiza akamchoma: mjomba wako angenipa jibu jingine. Askari waliokuwa wanaelekea Luxembourg wakaamriwa wasimame. Moltke alirudi ofisini kwake akilia. Usiku ule ule ikaja habari kutoka London kwamba balozi alielewa vibaya, Kaiza akamwita tena na kumwambia sasa fanya unavyotaka.

Baada ya vita mmoja wa majenerali waliowahi kuongoza idara ya reli aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba jeshi lingeweza kugeuzwa. Wataalamu wa reli wana wivu na kazi yao. Huenda alikuwa sahihi kwa upande wa mabehewa. Lakini treni zikishashusha watu mpakani mwa Urusi, nani alikuwa amepanga watakula nini na watakwenda wapi? Moltke alisema kweli usiku ule. Ubaya ni kwamba ukweli huo aliutengeneza mwenyewe mwaka mmoja kabla.

Utekelezaji ulianza vizuri mno. Treni zipatazo 11,000 zilibeba watu zaidi ya milioni 3. Pale Köln, treni za kwenda magharibi zilivuka daraja la Hohenzollern kila baada ya dakika kumi hivi, mchana na usiku, wiki mbili mfululizo. Majeshi saba yakapangwa magharibi, moja, la nane, likabaki kulinda Prussia Mashariki, jimbo la Ujerumani lililopakana na Urusi. Agosti 4 wakaingia Ubelgiji, na siku hiyohiyo Uingereza ikatangaza vita. Ngome ya mwisho ya Liège ilianguka Agosti 16, baada ya kuletwa mizinga ya kiwanda cha Krupp ya milimita 420.

Halafu reli ikaisha, miguu ikaanza. Hapa mpango ulikutana na kitu ambacho hakuna mnadhimu angeweza kukifuta: jeshi la 1914 lilikuwa la kasi ya treni mpaka kituo cha mwisho, na kuanzia hapo likawa la kasi ya zama za Napoleon. Jeshi la kwanza la von Kluck, lililokuwa ukingoni kabisa mwa ubavu wa kulia, lilitembea karibu kilomita 500 kwa mwezi mmoja katika joto la Agosti. Lilikuwa na farasi 84,000 waliohitaji tani karibu 900 za malisho kila siku. Wabelgiji walikuwa wamebomoa njia za reli. Malori yalikuwa machache, na kufikia Septemba zaidi ya nusu yalikuwa yameharibika. Wakati huohuo Joffre, jenerali wa Wafaransa, alikuwa anahamisha askari wake kwa treni kutoka mpaka wa Lorraine hadi kando ya Paris. Ujerumani, iliyojisifu kwa faida ya kuwa katikati, ilikuwa imemzunguka adui wake kiasi cha kumpa yeye faida hiyo. Mapigano ya mto Marne yakaanza, pengo likafunguka kati ya jeshi la Kluck na jeshi la pili la Bülow lililokuwa jirani yake, na Septemba 9 Wajerumani wakaanza kurudi nyuma. Septemba 14 Moltke akaondolewa, Falkenhayn akashika nafasi yake. Wiki sita zilikuwa zimekwisha na Ufaransa ilikuwa bado imesimama.

Mashariki nako hesabu ilikosea, ila kwa namna ya kuchekesha: kosa likawanufaisha. Mikopo ya Ufaransa ilikuwa imesaidia kujenga reli za Urusi, na Warusi walikuwa wameahidi kuanza kushambulia siku ya 15, bila kungoja askari wao wote. Walitimiza ahadi. Agosti 17 waliingia Prussia Mashariki, mapema kuliko Berlin ilivyotegemea. Kamanda wa jeshi la nane, Prittwitz, alipata kiwewe akataka kurudi nyuma ya mto Vistula. Akafukuzwa, wakaletwa majenerali Hindenburg na Ludendorff. Warusi walikuja na majeshi mawili yaliyotenganishwa na maziwa ya Masuria, yakiongozwa na Rennenkampf na Samsonov, na amri zao walizirusha kwa redio bila kuzificha kwa msimbo. Wajerumani wakamwachia Rennenkampf kikosi kidogo cha wapanda farasi kimtazame, wakabeba jeshi karibu lote kwa treni kwenda kumzingira Samsonov. Kati ya Agosti 26 na 30, Tannenberg, jeshi lake lilisambaratishwa, mateka zaidi ya 90,000, na yeye akajiua.

Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi nadharia ya aliye katikati ikifanya kazi sawasawa, waonyeshe Tannenberg. Ilifaulu kwa sababu umbali ulikuwa mdogo, reli zilikuwa zao wenyewe hadi karibu na uwanja wa mapigano, na lengo lilikuwa kuliangamiza jeshi moja, si taifa zima. Hata hivyo kiwewe cha mashariki kilimfanya Moltke aondoe vikosi vikubwa viwili, kila kimoja chenye divisheni mbili, kutoka magharibi wiki ya mwisho ya Agosti. Tannenberg ilipiganwa vikiwa njiani. Marne navyo havikuwepo.

Kuna mtu mwingine aliyekuwa na vita vya pande mbili mwezi huohuo, na vitabu vya shule humsahau: Conrad von Hötzendorf, Mnadhimu Mkuu wa Austria-Hungary. Kusini ana Serbia, kaskazini-mashariki ana Urusi. Aligawa jeshi lake mafungu matatu: fungu dogo la Serbia, fungu kubwa la Urusi, na la tatu, jeshi la pili, la kwenda popote litakapohitajika. Kwenye karatasi ni mpango mzuri kuliko wa Wajerumani, kwa sababu unaacha nafasi ya kubadili mawazo. Lakini Conrad alitamani mno kuiadhibu Serbia, akalituma fungu la tatu kusini. Urusi ilipokusanya jeshi akataka kuligeuza. Wataalamu wake wa reli wakamwambia limeshachelewa. Likigeuzwa katikati ya njia ratiba yote itavurugika, acha lifike kwanza Serbia kisha lirudi. Likafika, likakaa kidogo, likapakiwa tena. Huko Serbia Waaustria walishindwa katika mapigano ya Cer, na huku Galicia, jimbo lao lililopakana na Urusi, jeshi hilo lilifika vipande vipande wakati Warusi wameshashika kasi. Mapema Septemba Lemberg, mji tunaouita leo Lviv, ukaanguka. Njia mbili zilimshinda fisi, na huyu alikuwa na ratiba ya treni mkononi.

Ongeza kwamba Conrad na Moltke walikuwa wamefichana. Kila mmoja alimwahidi mwenzake kwa maneno ya kuzungukazunguka kwamba atampiga Mrusi kwa nguvu, na kila mmoja alitegemea kazi hiyo ifanywe na mwenzake huku yeye akimaliza ugomvi anaoupenda. Mpango wa pamoja wa washirika hao wawili haukuwepo kabisa.

Ruhusu nitoke kidogo nje ya Ulaya, maana njia ile ya Ubelgiji ilifika hadi kwetu. Vita vilipoanza serikali ya Ubelgiji ilitamani Kongo isihusike, na mkataba wa Berlin wa 1885 ulitoa nafasi hiyo. Lakini nchi yao ilikuwa imevamiwa, na Agosti 22 Wajerumani wakashambulia upande wa Kongo katika Ziwa Tanganyika. Basi Force Publique, jeshi la askari wa Kongo chini ya maafisa wa Kibelgiji, likawa adui wa magharibi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, wakati Waingereza walikuwa kaskazini na kusini-magharibi. Mwaka 1916 likapita Rwanda na Burundi, na Septemba 19 chini ya Jenerali Tombeur likaingia Tabora. Baada ya vita Ubelgiji ikadai fungu lake, ikapewa kuzitawala Rwanda na Burundi. Uamuzi wa kuzikwepa ngome za Verdun ndio uliomleta Mbelgiji Kigali na Bujumbura. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku, alikuwa amezungukwa kama nchi yake ilivyozungukwa, ila yeye hakuhangaika na kumaliza upesi. Alikusudia kuchelewesha tu, na raia na wapagazi wa nchi hii wakalipia ucheleweshaji huo kwa maisha yao.

Sasa, njia nyingine ilikuwepo? Ndiyo, na tunajua kwa sababu waliitumia mwaka uliofuata. Mwaka 1915 Falkenhayn alijilinda magharibi, akashambulia mashariki. Wafaransa na Waingereza walijigonga kwenye mahandaki mwaka mzima wasipite. Mei, Gorlice na Tarnów, Warusi walivunjwa. Agosti Warsaw ikatekwa. Ni mpango wa Moltke mkubwa karibu kama alivyouandika. Ungetumika 1914, Ubelgiji isingeguswa, na serikali ya Uingereza, ambayo mawaziri wake walikuwa wamegawanyika mpaka siku za mwisho, ingepata shida kuwashawishi watu wake waingie vitani. Sisemi isingeingia kamwe. Nasema isingeingia Agosti 4.

Ila sehemu ya pili ya mpango wa mzee, ile ya kusimama na kuzungumza, haikufanyika. Novemba 1914 Falkenhayn alimwambia Bethmann Hollweg kwamba maadui watatu kwa pamoja hawashindiki na akamsihi atafute amani na mmojawapo, hasa Urusi. Chansela alikataa, na baada ya ushindi wa 1915 Mtsari, mfalme wa Urusi, naye hakutaka kuwaacha washirika wake. Urusi ilitoka vitani Machi 1918, kwa mkataba wa Brest-Litovsk, baada ya mapinduzi mawili.

Kuhusu nani apigwe kwanza, jeshi lolote lililo katikati hujiuliza jambo moja: ni wapi siwezi kurudi nyuma? Oktoba 1973 Misri na Syria zilipoishambulia Israel siku moja, askari wa akiba wa Israel walipelekwa kwanza Golan, upande wa Syria, ambako kutoka mstari wa mbele hadi vijiji vyao ni kilomita 25 hivi. Sinai, upande wa Misri, yenye jangwa la kilomita karibu 200, ingeweza kungoja. Syria iliposukumwa ndipo wakageukia mfereji wa Suez, wakauvuka usiku wa kuamkia Oktoba 16. Schlieffen naye aliuliza swali hilo, lakini alilijibu kwa kuangalia ni adui yupi hawezi kurudi nyuma, badala ya kuangalia ni wapi Ujerumani yenyewe haiwezi.

Kwa darasani, ningeanza na ramani ya reli, si ramani ya miungano. Wape wanafunzi Ujerumani tupu yenye mipaka ya 1914, waambie wana majeshi manane na siku 40, na usiwape ruhusa ya kupita Ubelgiji. Waache wabishane kipindi kizima. Jina la Schlieffen liandike ubaoni dakika tano za mwisho.